Chumvi Ikikosa Bei, Heroe Hukosa Maji

Septemba iliyopita, saa moja na nusu asubuhi, nilikuwa nimesimama juu ya tuta la jaruba la chumvi nje kidogo ya mji wa Lindi. Kusi lilikuwa limeanza kuchoka lakini bado linavuma, likisukuma povu jeupe kwenye kona moja ya maji. Bibi mmoja, kitenge amekifunga kifuani, alikuwa anakokota chumvi kwa reki ya mbao, anaikusanya vichuguu vichuguu ili ichuje maji. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka, na ndani ya nyufa chumvi imeganda.

Majaruba matatu mbele yake, pale maji yalipo bado mengi na chumvi haijaanza kushika, walikuwapo heroe kumi na wawili, wale ndege ambao magazeti huwaita flamingo. Mmoja alinikaribia hadi hatua kama arobaini. Alikuwa anakanyagakanyaga palepale kama mtu anayekanda udongo wa kukandika nyumba, kichwa kimezama, mdomo umegeuzwa juu chini. Kila baada ya muda anainua shingo, anameza, anarudi kazini. Maji aliyoyatibua yalikuwa ya rangi ya chai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Pita juu ya tuta hapo, usinikanyagie chumvi."

Nikamuuliza wale ndege wamekuja lini. Akajibu bila kuinua uso kwamba wapo tangu bamvua lililopita, walipofungulia maji. "Wakikuta maji wanakaa, wakikuta pakavu wanapita. Hawana ugomvi na mtu." Kisha akanyoosha mkono kuelekea jaruba la jirani yake, lililokauka hadi udongo ukapasuka vipande vipande kama vigae. "Kwa huyu wamepita tu. Chumvi yake ya mwaka jana bado imo bandani, haijapata mnunuzi. Afungulie maji ya nini?"

Nimefuatilia habari za ndege wa maji kwa miaka kadhaa, nimesoma ripoti na kukaa kwenye vikao vya uhifadhi. Sikumbuki kikao kimoja ambapo jambo hili lilisemwa waziwazi namna ile: kwamba huku kwetu ndege wa maji na bei ya chumvi vimefungwa kamba moja. Ndilo ninalotaka kulitetea hapa. Pwani ya Lindi na Mtwara ina makazi ya ndege yaliyotengenezwa na mikono ya wazalishaji wadogo wa chumvi, makazi hayo hayamo kwenye ramani yoyote ya hifadhi, na tunayapoteza kimyakimya kila mtu anapoamua kwamba msimu huu hafungulii maji.

Kwa wengi wetu Kusini, heroe ni ndege wa kalenda. Ni wa Natron, wa Manyara, wa maziwa ya Momela kule Arusha. Ni wa watalii wa Kaskazini. Hata jina tumelisahau. Heroe ni neno letu la Kiswahili, limo kwenye kamusi, lakini ukifungua gazeti utakuta "ndege aina ya flamingo", kana kwamba mpaka mgeni alipokuja ndege huyu hakuwa na anayemwita. Kitu usichokuwa na jina lake ni vigumu kukidai kuwa chako, na hapo ndipo uzembe wetu unapoanzia.

Afrika ina heroe wa aina mbili. Heroe mkubwa anafika hadi mita moja na nusu kwa kimo, ana rangi nyeupe inayoelekea waridi, na mdomo wake ni wa waridi wenye ncha nyeusi. Heroe mdogo ana mdomo mwekundu uliokolea giza, na rangi yake ya waridi imekolea zaidi. Tofauti kubwa iko tumboni. Mdogo anaishi kwa mwani mdogo sana wa kijani unaoota kwenye maji ya magadi, anauchuja kutoka tabaka la juu la maji, gramu 60 hivi kwa siku ukiupima mkavu. Mkubwa anashusha kichwa hadi chini, anatibua tope, anachuja mabuu ya wadudu, vikamba vya maji ya chumvi, minyoo na konokono wadogo. Ndiyo maana mkubwa anaweza kuishi Etosha ya Namibia, anaweza kuishi kusini mwa Ufaransa, na anaweza kuishi kwenye jaruba la bibi yule. Rangi ya wote wawili inatoka kwenye chakula. Kinda huzaliwa wa kijivu, na huchukua miaka kadhaa ya kula kabla hajavaa waridi. Heroe aliyekosa chakula chake hupauka.

Natron lazima tuizungumze, maana bila Natron hakuna hoja yoyote ya heroe Afrika Mashariki. Ziwa lile halina kina hata cha mita tatu, liko chini ya mlima Oldoinyo Lengai, na maji yake yana magadi makali kiasi cha kuunguza ngozi. Mnyama mwingine anayekimbilia huko kuzaa simjui. Kwa heroe mdogo hiyo ndiyo sababu hasa ya kupapenda. Anajenga kichuguu cha tope na magadi chenye umbo la ndoo iliyopinduliwa, juu yake kibonde, na ndani ya kibonde anataga yai moja. Moja tu kwa msimu, na si kila msimu. Wazazi wanapokezana kulilalia kwa wiki nne hivi. Kinda akitoka hulishwa maji mekundu yanayotengenezwa kooni mwa baba na mama, wote wawili. Baada ya siku chache makinda huacha vichuguu na kukusanyika maelfu kwa maelfu, wakisimamiwa na watu wazima wachache, na wakianza kutembea hutembea kilomita nyingi juu ya ganda la magadi kutafuta chemchemi za maji baridi pembezoni. Njiani kongoti wanawasubiri.

Safari hiyo ina hatari nyingine. Mwaka 1962 Natron ilifurika, heroe wakahamia ziwa Magadi upande wa Kenya kuzaa. Magadi ya kule yalikuwa makali zaidi, yakawagandia makinda miguuni na kuwa pingu ngumu kama saruji. Wapo watu walioingia kwenye ziwa lile kwenye jua kali, wakazivunja pingu hizo kwa mkono, kinda mmoja baada ya mwingine, wakaokoa maelfu. Kila ninaposikia mtu anasema ndege hawa "watatafuta pengine pa kuzaa" nawakumbuka makinda wale. Walitafuta pengine, na pengine pale palikuwa ni pingu.

Duniani kote heroe wadogo huzaliana kwa uhakika katika sehemu za kuhesabu kwa vidole: Natron, Etosha ya Namibia, Sua ya Botswana, hadi miaka ya karibuni bwawa la Kamfers huko Afrika Kusini, na nyika za chumvi za Kutch nchini India. Inakadiriwa kwamba karibu robo tatu ya heroe wadogo wote waliopo leo walianguliwa Natron. Ziwa lile limo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa tangu 2001, lakini kuwa kwenye orodha hakukuzuia mpango wa kiwanda cha magadi cha tani 500,000 kwa mwaka, uliokuwa wa ubia wa Tata Chemicals ya India na Shirika letu la Maendeleo la Taifa, NDC. Mwaka 2008 kampuni ile ilijiondoa baada ya upinzani mkubwa, na macho ya serikali baadaye yakahamia kwenye magadi ya Engaruka. Nashukuru ilivyokwenda. Ila nashangaa kwamba mjadala wote ule, uliojaza kurasa kwa miaka, ulimchukulia heroe kama mkazi wa ziwa moja.

Heroe si mkazi wa ziwa moja. Ni msafiri wa usiku anayefuata maji, na maji yake ni yale ambayo mwaka huu yana chakula na mwakani hayana. Ndiyo maana kumhifadhi ni kazi ngumu kuliko kumhifadhi tembo. Tembo unaweza kumchorea mpaka. Heroe anahitaji mtandao wa sehemu nyingi, nyingine kubwa, nyingine ndogo za kupumzikia wiki mbili, na sehemu moja ikifa uzito wake unaangukia zilizobaki.

Mtandao huo sasa unayumba. Mwaka 2024 watafiti wakiongozwa na King's College London walitoa matokeo ya picha za setilaiti za maziwa 22 ya heroe katika Ethiopia, Kenya na Tanzania, kuanzia 1999 hadi 2022. Mvua zimeongezeka, maziwa yamepanda, magadi yamechujuka, na mwani umepungua. Ziwa Nakuru peke yake lilipanuka kwa asilimia 91 kati ya 2009 na 2022, huku kipimo cha mwani wake kikishuka kwa nusu. Natron nayo imeanza kuonesha dalili zilezile. Tulizoea kuhofia ukame. Kumbe kwa ndege huyu maji mengi yanamuua kwa njaa taratibu kwa namna ileile. Kule Natron maji yakizidi, vichuguu vinazama. Yakipungua mno, fisi wanatembea kwa miguu hadi kwenye mayai. Nafasi kati ya hayo mawili ni sentimita chache tu za kina.

Kuna jambo jingine ambalo naona halisemwi vya kutosha. Heroe anaishi miaka mingi sana. Mmoja aliyekuwa akifugwa kwenye bustani ya wanyama ya Adelaide, Australia, alikufa mwaka 2014 akikadiriwa kuwa na umri wa miaka 83 au zaidi. Wa porini hawafiki huko mara kwa mara, lakini miongo kadhaa wanafika. Maana yake ni kwamba ziwa linaweza kujaa waridi, wapiga picha wakafurahi, wahifadhi wakalala, wakati ndege wote unaowaona ni wazee na kwa miaka kumi hakuna kinda aliyefika utu uzima. Wingi wa heroe haukwambii kama heroe wana kesho. Siku idadi itakapoanza kushuka mbele ya macho yetu, sababu yake itakuwa imeshapita zamani.

Hapo ndipo pwani yetu inapoingia. Simdanganyi mtu: majaruba ya Lindi hayawezi kuwa badala ya Natron. Heroe mdogo hawezi kuja kuzaa huku. Lakini ndege aliyekosa chakula kwenye maziwa yaliyochujuka anahitaji mahali pa kuvuka mwaka mbaya, na heroe mkubwa hasa anajua kutumia maji ya bahari. Kwa ndege anayeishi miaka mingi na kuzaa mara chache, kuvuka mwaka mbaya akiwa hai ndilo jambo lenye uzito kuliko yote.

Jaruba la chumvi ni kiwanda cha chakula, ingawa mwenyewe halijengi kwa ajili hiyo. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita. Bamvua likija, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, mzalishaji anafungua mlango, maji yanaingia jaruba la kwanza. Humo samaki wadogo na kamba bado wanaishi. Jua na upepo vinayapunguza, anayahamishia la pili, la tatu, na kila hatua viumbe wengine wanashindwa. Samaki wanakufa kwanza. Wanaobaki ni wachache wa aina lakini wengi mno wa idadi: mwani unaostahimili chumvi, mabuu ya nzi wa maji chumvi, na mahali pengine vikamba vidogo vya rangi ya waridi. Hawana samaki wa kuwala, kwa hiyo wanajaa kama uji. Jaruba la mwisho, ambako maji yamebaki kama sehemu moja ya kumi ya ujazo wake wa mwanzo, chumvi inaanza kushika, na hapo ndege hana chake. Hapo ni pa bibi na reki yake. Heroe anakula katikati. Hawagombani kwa sababu kila mmoja ana jaruba lake.

Kwingine wameshalielewa hili. Kwenye delta ya Camargue, kusini mwa Ufaransa, heroe wakubwa walikuwa wameacha kuzaa. Mwaka 1970 kikajengwa kisiwa cha udongo katikati ya maji ya shamba la chumvi, na 1974 ndege wakakikubali. Kwa miongo kadhaa maelfu ya jozi wakazaa pale, maji yakipandishwa na kushushwa na watu wa chumvi kwa ratiba yao ya kazi. Kisha biashara ya chumvi ikapungua, sehemu kubwa ya eneo ikauzwa, pampu zikazimwa, na heroe ikabidi watafute pengine. Walvis Bay, Namibia, hadithi ni ileile kwa upande wa neema: mabwawa ya chumvi yanafanya kazi, na maelfu ya heroe wanakula kando ya mitambo. Kote huko kinachomweka ndege ni mtu anayeendesha maji. Akiondoka, uzio na kibao cha "Hifadhi" havileti maji.

Sasa rudi Lindi. Mzalishaji mdogo anachimba na kukarabati matuta kwa mkono baada ya kila masika. Anaomba mvua isije mapema, kwa sababu mvua moja ya Novemba inaweza kuyeyusha kazi ya mwezi mzima. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024, kile kilichokata barabara ya Kilwa hadi magari yakalala njiani siku kadhaa, kilitukumbusha pwani hii iko wazi kiasi gani. Akishavuna, chumvi yake lazima itiwe madini joto ndipo iuzwe kihalali kama chumvi ya kula, na asiye na mashine humuuzia mwenye mashine kwa bei atakayoambiwa. Mnunuzi akikawia, chumvi inakaa chini ya makuti inanyonya unyevu. Msimu mmoja wa namna hiyo mtu anavumilia. Misimu miwili, anawaacha vijana waende kubangua korosho au kuendesha bodaboda, mlango wa maji unaoza, na jaruba linarudi kuwa uwanja mkavu. Hakuna aliyempiga risasi heroe hata mmoja, hakuna sheria iliyovunjwa, na makazi yamekwisha.

Najua jibu litakalotoka kwa wenzangu wa mazingira, na ni jibu la haki. Majaruba yenyewe yamekula mikoko. Pwani nzima ya Tanzania kuna sehemu ambazo mikoko ilifyekwa kupisha chumvi, na kulikuwa na wakati chumvi ilichemshwa kwa kuni za mikoko hiyohiyo. Siombi jaruba jipya hata moja likatwe kwenye mikoko. Mikoko ni hifadhi ya misitu ya serikali, inalinda ufuko, inalea samaki, na iachwe. Ninachosema ni kuhusu majaruba yaliyopo tayari, ambayo dhambi yake ilishatendeka miaka mingi iliyopita. Likitelekezwa, mara nyingi mikoko hairudi yenyewe kwa haraka, kwa sababu tuta limeziba maji na udongo umekuwa chumvi tupu. Tunabaki bila mikoko, bila chumvi na bila ndege. Palipo na uwezekano wa kweli wa kurudisha mikoko, tuta libomolewe, maji yaingie na kutoka, nitafurahi. Palipo na mtu bado anataka kufanya kazi, asaidiwe abaki.

Na hapohapo niseme neno kuhusu kampeni za kupanda mikoko, maana zimeshamiri. Tunapenda kupanda pale panapoonekana patupu: matope wazi ambayo maji yakitoka yanabaki kumetameta bila mti. Patupu hapo si patupu. Nenda Msimbati maji yakiwa yametoka, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyotangazwa mwaka 2000, uangalie wanawake wanaookota kome na chaza. Mbele yao utaona ndege wadogo wa kijivu wanaokimbia kama panya, waliotoka Siberia, na yule ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene anayewinda kaa, anayezaliana kwenye mashimo ya mchanga kuanzia Somalia hadi Ghuba ya Uajemi na kuja kwetu kupitisha miezi yake. Wote wanakula kwenye matope yale yaliyo wazi. Ukiyajaza miche ya mikoko kwa ajili ya picha ya siku moja, miche mingi itakufa kwa sababu maji pale ni ya kina kwao, na itakayopona itakuwa imefunga meza ya watu na ndege.

Tazama ramani ya ulinzi wa pwani hii uone pengo lilipo. Ardhioevu ya Rufiji, Mafia na Kilwa iliingia Ramsar mwaka 2004. Kusini kabisa kuna hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi. Katikati, kuanzia mpaka wa Kilwa kushuka Mchinga, ghuba ya Lindi inakomwagia mto Lukuledi, Sudi hadi Mikindani, hakuna kitu cha kiwango hicho. Na katikati hapohapo ndipo nchi inapanga mambo makubwa. Likong'o, Lindi, ndipo eneo la mradi wa kusindika gesi asilia kuwa kimiminika. Bandari ya Mtwara imekuwa ikishughulikia makaa ya mawe kutoka Ruvuma. Mimi si adui wa miradi hii; watoto wa Lindi na Mtwara wamesubiri ajira muda mrefu mno. Lakini kila mradi wa namna hiyo unaandikiwa tathmini ya athari kwa mazingira chini ya sheria ya mwaka 2004, na tathmini huandikwa kwa takwimu zilizopo. Mahali pasipo na takwimu huandikwa "hakuna athari kubwa kwa ndege", na mwandishi hajadanganya. Hakuwa na cha kusoma.

Takwimu za ndege wa maji Afrika hukusanywa zaidi mwezi Januari, ndege wa kutoka kaskazini ya dunia wakiwa bado wako huku. Kwa Natron, kwa Manyara, Januari inafaa. Kwa majaruba ya Lindi ni mwezi mbaya. Kufikia Januari mvua zimeshaingia, chumvi imeshavunwa au imeshayeyuka, maji kwenye majaruba yamechanganyika na ya mvua, chakula kimetawanyika. Msimu wa jaruba ni kuanzia Juni mpaka Oktoba, jua na kusi vikifanya kazi pamoja. Mtu akija Januari na darubini, akakuta matope na kunguru, ataandika kwamba hapa hakuna heroe, na atakuwa ameandika alichokiona. Ndiyo maana naomba hesabu mbili kwa mwaka katika pwani hii, ya pili ikiwa Septemba, siku ya bamvua, na wahesabuji wa kwanza wawe wazalishaji wa chumvi wenyewe. Wako pale kila siku alfajiri. Bibi yule alinieleza bila daftari kwamba mwaka juzi walikuwa wengi kuliko mwaka jana, kwamba wakubwa wenye ncha nyeusi mdomoni huja kila mwaka na wadogo wenye mdomo wa giza alishawaona mara mbili tu maishani. Nimesoma ripoti za gharama kubwa zilizojua kidogo kuliko hapo.

Fedha ya kumlipa mtu kwa kuhesabu ni ndogo. Fedha inayohitajika kweli ni ya mashine ya madini joto ya pamoja, ghala lisilovuja, na mnunuzi wa uhakika: shule, hospitali na magereza ya mikoa hii miwili yanakula chumvi kila siku, na sioni kwa nini chumvi hiyo isitoke hapahapa. Wizara inayoshughulika na ndege haishughuliki na chumvi, inayoshughulika na chumvi haishughuliki na ndege. Chumvi kwetu inahesabiwa kama madini. Ofisa wa wanyamapori akienda kikaoni kuomba ghala la chumvi ataulizwa amepotea njia. Inabidi mtu apotee hiyo njia kwa makusudi, ofisi ya mkuu wa mkoa ikiitisha pande zote mbili meza moja, kwa sababu kule jarubani pande hizo zimeshakutana zamani.

Jua lilipopanda nikamuaga bibi. Akaniambia bamvua lijalo atafungulia tena, akijaliwa, ana mjukuu wa kumsaidia kuziba tuta lililobomoka upande wa baharini. Nikarudi kwa njia ya jaruba la jirani. Kwenye ule udongo uliopasuka, katikati, niliona alama za miguu: vidole vitatu mbele vilivyounganishwa kwa ngozi, kila mguu mkubwa kama kiganja cha mtoto, zimezama kidogo na kukauka hivyohivyo. Zilianzia kwenye mlango wa maji, zikazunguka mara mbili, zikaishia ghafla mahali ndege aliporuka. Bibi alisema jirani yake alifungulia maji mara ya mwisho mwezi wa Juni.